Ndege Kwanza, au Watu Wetu Kwanza?



Mliokosa matembezi yetu ya Machi mmeshasikia habari zake nusunusu. Watoto walirudi wakisimulia ndege. Wakubwa tulirudi tukisimulia maneno ya Mzee wetu wa Uvira. Baadhi yenu mmetuuliza baada ya ibada ni nini hasa kilisemwa kule kwenye mikoko, na kwa nini tangu siku ile mazungumzo ya wakati wa chai yamekuwa na joto. Tumeona afadhali tuandike, kwa sababu swali la Mzee lilikuwa la haki na siku ile halikujibiwa vizuri. Tulikuwa na njaa, na watoto walikuwa wanatuvuta mikono.

Tulishuka kituo cha Concord West asubuhi, tukaingia Bicentennial Park kwa miguu. Darubini zilikuwa mbili, moja ya kuazima. Ile ni ardhi ya watu wa Wangal, na mikoko yake inaitwa Badu, neno la wenyeji lenye maana ya maji. Njia ya mbao inapita katikati ya miti, na chini yake ni matope meusi yaliyochomoza mizizi ya kupumulia, mingi kama penseli zilizopandwa. Mama yetu wa Lamu alisimama ghafla, wote nyuma yake tukasimama. "Huu si mchu huu?" Akachuma jani moja, akalilamba. Chumvi ile ile. Na kweli ni mchu: mti huohuo anaoujua tangu utotoni unaota pwani ya Afrika Mashariki na unaota hapa Sydney, na wataalamu wameupa jina moja. Tulisimama pale dakika kumi tukiangalia jani.

Tusiwape picha ya bustani ya Edeni. Eneo lile la Homebush Bay lilikuwa na machinjio ya serikali mpaka 1988, na kwa miaka mingi lilikuwa jalala la mji. Ng'ambo kidogo, Rhodes, palikuwa na kiwanda cha kemikali cha Union Carbide, na sumu iitwayo daioksini ilizama kwenye matope ya ghuba. Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2000 ndiyo iliyoleta usafi mkubwa, lakini sumu iliyozama chini haiondoki kwa sherehe. Mpaka leo serikali ya New South Wales inashauri samaki waliovuliwa magharibi ya Harbour Bridge wasiliwe kabisa. Hili tunalirudia tukiwa wauguzi, kwa sababu tunazijua ndoo za baadhi yenu. Samaki anaonekana mzima, anapendeza, na kupika hakuondoi daioksini. Mvue mkimtaka, mpige picha, mrudishe majini.

Mwisho wa mikoko kuna bwawa la maji ya chumvi lenye kibanda cha kutazamia ndege. Bahari ilikuwa imejaa, kwa hiyo ndege wa matopeni walikuwa wamekuja bwawani kupumzika wakingoja maji yatoke. Kati yao walikuwepo goduiti, ndege wa kahawia mwenye miguu mirefu na mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea juu. Wengine walikuwa wameanza kuwa wekundu kifuani, rangi ya kuoania. Kijana wetu mmoja anayesoma chuo ndiye aliyetueleza habari zao, na sisi tulioshinda miaka hospitalini tulibaki midomo wazi. Kabla ya safari goduiti hula mpaka uzito wake unakaribia mara mbili. Kisha tumbo, utumbo na ini vinanywea, kwa maana safarini hatakula, na mzigo usio na kazi hana haja nao. Mgonjwa akitufikia wodini na hali hiyo tungeita daktari mbio. Yeye anaruka. Mwaka 2022 goduiti mmoja mchanga wa miezi kama mitano, aliyefungwa kifaa cha setilaiti, aliondoka Alaska tarehe 13 Oktoba akatua Tasmania siku 11 baadaye: kilomita 13,560 bila kutua, bila kula, bila kunywa. Wanapotoka huku kurudi kaskazini hawaendi moja kwa moja. Hupumzika na kula kwenye matope ya Bahari ya Njano, kati ya China na Korea, kisha ndipo humaliza safari.

Kijana akaongeza kwamba ndege hawa wana mikataba. Australia ilitia saini mmoja na Japani mwaka 1974, mwingine na China mwaka 1986, kwamba pande zote zitawalinda ndege wahamao na mahali wanapokaa.

Hapo ndipo Mzee aliposema. Hakupandisha sauti. "Wanangu, hata ndege ana mkataba. Shemeji yangu ana miaka tisa anangoja barua." Akanyamaza kidogo, akaendelea: "Goma imeanguka, Bukavu imeanguka, watu wetu wanalala nje. Na sisi tumevaa kofia, tunahesabu ndege wa watu. Nani anawahesabu wa kwetu?"

Hakuna aliyejibu. Mtoto mmoja aliuliza kama zamu yake ya darubini imefika.

Tulipokuwa tunarudi, sisi wauguzi tulikimbilia jibu lililo karibu. Tukamwambia Mzee kwamba kutembea kunashusha presha, kwamba mtu anayelala saa tatu usiku na kuamka saa saba kusoma habari za Kivu anahitaji miti na hewa. Ni kweli, na tungemwambia tena kesho kliniki. Lakini tukilifikiria sasa tunaona tulikwepa. Mzee hakuuliza kama ndege wanatufaa. Aliuliza kama ni halali. Mtu akikuuliza kama ni halali kula wakati jirani analala njaa, humjibu kwamba chakula kina vitamini.

Yeye mwenyewe alikuwa na Maandiko tayari. Bwana wetu alisema kwamba sisi tuna thamani kuliko mashomoro wengi. Basi, akasema Mzee, mpangilio umeshatolewa: watu kwanza. Tumelisoma tena fungu lile katika Mathayo sura ya 10, na tunadhani Mzee amelishika upande mmoja. Bwana anawatuliza wanafunzi wenye hofu kwa kuwaambia kwamba hata shomoro anayeuzwa kwa senti haanguki bila Baba kujua. Kama Baba hajali shomoro, faraja yote inaanguka. Ubora wetu pale umejengwa juu ya thamani ya shomoro. Na Kumbukumbu la Torati sura ya 22 inatushangaza zaidi: sheria ya ng'ombe wa jirani aliyepotea, sheria ya kiota njiani, kwamba mama asichukuliwe pamoja na makinda yake, na sheria ya kujenga ukingo juu ya dari ili mtu asianguke, zote zimepangwa karibu karibu. Hakuna mahali Musa anasema: mkimaliza habari za watu, ndipo mwende kwenye kiota.

Hata hivyo lazima tukubali upande mmoja wa neno lake, na tunaukubali kwa sababu ya kazi yetu. Macho ya mtu yana kikomo. Usiku wodini kengele mbili zikilia pamoja na muuguzi ni mmoja, anakwenda kwa yule anayekosa pumzi, na yule wa maumivu ya mguu anangoja na kulaumu. Upendo una utaratibu. Tukiambiwa tuchague kati ya mtoto mmoja wa Bukavu na goduiti wote wa bwawa lile, hakuna kati yetu atakayesita hata sekunde, na hatumwamini mtu atakayesita.

Lakini utaratibu huo ni wa kengele mbili zinazolia pamoja. Jumamosi ile kengele ya pili ilikuwa ipi? Tujikague bila kuoneana haya. Pesa ya mwezi tulikuwa tumeshatuma. Maombi ya Ijumaa tulikuwa tumeomba. Kama tusingekwenda mikokoni, wengi wetu tungekuwa kitandani na simu, tunafungua video zilizotumwa mara ya kumi, nyingine za vita vya nchi nyingine kabisa, tunaandika "Mungu wangu" kwenye kikundi cha WhatsApp, tunapeleka mbele. Tunajua uzito wa jambo hili, maana baadhi yetu tumelala hivyo miezi. Inaonekana kama kukesha na ndugu zetu. Sivyo. Dada mmoja kule Uvira alimwambia mmoja wetu kwa simu: "Mimi niliye hapa sizioni hizo video, sina bando. Wewe unaziangalia za nini?"

Sasa tufike kwenye kiini, na hapa tunaomba Mzee atuvumilie.

"Watu wetu kwanza." Sentensi hii tunaijua. Tumeisikia nchi hii kila uchaguzi unapokaribia: nyumba kwanza kwa watu wetu, hospitali kwanza kwa watu wetu, na ndipo, kikibaki, hao wanaotoka mbali. Tukiisikia kutoka kwa wengine inatuchoma, na tunaomba Mungu alainishe mioyo. Wengi wetu hapa tulipita Nyarugusu. Tulipofika mwaka 1996 na baadaye, watu wa Kasulu hawakuwa na deni letu. Walikuwa na watoto wao, na zahanati zao hazikuwa na dawa za kutosha hata kwa wenyewe. Sisi tukakata miti yao kwa kuni, tukachota maji yao. Mtu wa Kasulu aliyesema watu wetu kwanza alikuwa na hoja nzuri kuliko ya Mzee wetu, kwa sababu kwake kengele mbili zilikuwa zinalia kweli. Nasi tuko hai kwa kuwa wengine hawakuishia kwenye hoja hiyo.

Dada mmoja alitukatiza hapa, na ni haki yake: ndege si mtu, msitulinganishe na ndege. Dada, tunakubaliana nawe. Tumeshasikia mahubiri mengi mno yanayotufananisha sisi wahamiaji na ndege wahamao, na kusema kweli yanatuchosha. Goduiti anaondoka kwa majira yake, anarudi kwa majira yake, na kila mwaka anakuta pale alipozaliwa pamemngoja. Sisi hatukuhama kwa majira. Tulikimbia usiku, na wengi tulipozaliwa hapapo. Yeremia alipowataja ndege wanaojua nyakati za safari zao, alikuwa anawaaibisha watu wasiomjua Mungu wao, hakuwa anawasifu wakimbizi.

Katika habari ya goduiti nafasi yetu ni nyingine, na sisi wenyewe hatukuizoea. Sisi ndio wenyeji. Yule ndege amefika amekonda kutoka ng'ambo ya dunia, anahitaji matope ya kulia na mahali pa kusimama bila kukimbizwa na mbwa. Matope hayo yako mtaani kwetu. Tunalipa kodi ya jiji, wengi wetu tuna uraia na kura. Uhai wake unategemea watu wasiopata faida yoyote kwake. Akipoteza mahali pamoja tu njiani, mengine hayamsaidii. Korea Kusini walimaliza mwaka 2006 ukuta wa bahari wa Saemangeum, kilomita 33, na matope makubwa yaliyolisha ndege wa safari hii yakakatiwa bahari. Hakuna aliyeujenga kwa kumchukia ndege. Walijenga kwa ajili ya watu wao, mashamba na viwanda. Baadaye sehemu za matope yaliyobaki zimewekwa katika Urithi wa Dunia, upande wa China mwaka 2019 na upande wa Korea mwaka 2021, na mtu anaweza kushukuru na kusikitika kwa pumzi moja.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tuna miaka kumi, kumi na tano, ishirini hapa, na bado tunasema "nchi ya watu", "mto wa watu", na kama alivyosema Mzee, "ndege wa watu". Ni neno la unyenyekevu, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini tumeanza kushuku kwamba linatusaidia pia tusishike jembe. Tunatupa mkaa wa nyama choma chini ya mti kwa sababu bustani ni ya watu. Yeremia huyohuyo aliwaandikia waliohamishiwa Babeli wajenge, wapande bustani, wauombee mema mji ule, na Babeli ndiyo iliyokuwa imebomoa kwao. Hapa hatujabomolewa kitu na mji huu. Waliobomolewa ni watu wa Wangal, ambao hakuna aliyewauliza kama wanatukaribisha, wala sisi wala waliotutangulia.

Tukiwa bado tunakataa mfano wa wakimbizi na ndege, watoto wakatuletea mwingine. Wakati wa chakula kwarara weupe walivamia mkeka wetu, wale wenye shingo nyeusi isiyo na manyoya ambao mji mzima unawaita kuku wa mapipa. Mmoja aliondoka na chapati nzima. Vijana wakamrushia chupa na kumcheka kwa maneno waliyojifunza shule. Yule kijana wa chuo akawaambia kwamba kwarara huyu ni mwenyeji wa Australia. Kwao ni mabwawa ya bara kama Macquarie Marshes, na tangu miaka ya 1970 wamezidi kuingia mijini, maji ya kule yakipungua kwa kilimo na ukame. Binti wa miaka tisa akafikiri, akauliza: "Kwa hiyo ni wakimbizi wa ndani?" Mzee alicheka mpaka akafuta macho. Chupa ikaokotwa, ikaenda kwenye pipa. Chapati haikurudi.

Mama wa Lamu naye alikuwa na lake. Kusini ya kwao, karibu na Watamu, kuna hori la Mida, na vitwitwi wengine wanaofika pale wanatoka Siberia. Kijana akafungua kitabu chake: ni kweli, kuna aina moja ya kitwitwi mwenye mdomo uliopinda chini, anazaliwa kaskazini kabisa ya Siberia, halafu baadhi yao wanashuka Mida na wengine wanashuka hapa kwetu. Hapa Australia anahesabiwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka. Na pale Mida Wakristo wa shirika la A Rocha Kenya wana mpango tangu 2001: pesa za wageni wanaokuja kutazama ndege na kupita juu ya daraja la mikokoni zinalipa karo ya sekondari ya watoto wa vijiji vya jirani. Tulimwangalia Mzee. Alisema, "Hiyo nimeielewa." Hakusema zaidi.

Hatusemi tumemshinda. Wiki iliyofuata alitukuta mlangoni mwa kanisa akasema bado halali usiku, na kwamba mtu anayeona raha katika majira haya anajisikia mwizi. Hilo hatukuwa na jibu lake, na hatukulitafuta. Tulikaa naye kwenye benchi mpaka kwaya ikaanza. Kisha akatupa sharti lake.

Goduiti wataondoka kati ya mwezi huu na ujao na kurudi Septemba. Mzee anasema Septemba atakuja, ila kapu la Kivu litangulie: lipite kituoni Concord West kabla mtu hajagusa darubini, na hesabu yake isomwe kwa sauti palepale, hesabu ya ndege ifuate. Tumekubali. Atakayeweka kwenye kapu ni hiari yake, watoto wanaweza kuja na sarafu zao. Chapati mwaka huu zitafungwa kwenye vyombo vyenye mfuniko.